Kompyuta na mwanzo wa uhai: jibu kwa kijana wa Gongoni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Gongoni, nasomea kompyuta hapa Malindi, na wakati wa likizo nafanya kibarua kwenye mashamba ya chumvi. Tuliambiwa darasani kwamba kuna wanasayansi wanaotumia kompyuta kuiga jinsi uhai ulivyoanza duniani, pengine kwenye vidimbwi vinavyojaa na kukauka kama hivi vyetu. Mwenzangu akaenda ubaoni akapiga hesabu: protini ya asidi amino 100 (vipande vidogo vinavyoungana kuwa protini), na aina za asidi amino ni 20, basi uwezekano wa kuipata kwa bahati ni 1 juu ya 20 kipeo cha 100. Akasema mjadala umekwisha. Je, umekwisha kweli? Kompyuta inaweza kuthibitisha jinsi uhai ulivyoanza? Na nikitaka kujaribu kwa laptopu yangu, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hesabu ya mwenzako, kwa sababu ni sahihi na bado haijibu ulichouliza.

20 kipeo cha 100 ni kama 1 ikifuatwa na sifuri 130. Atomi zote za ulimwengu tunaouona hukadiriwa kuwa 1 ikifuatwa na sifuri 80 hivi. Kwa hiyo kama uhai ungehitaji protini moja maalumu, nayo ijiunge kwa pigo moja, bahari zote za dunia zisingetosha. Hapo hakuna wa kumbishia. Lakini tazama alichokitia ndani ya hesabu bila kukitaja: kwamba shabaha ni moja tu, na kwamba kila jaribio huanza upya kabisa, kana kwamba lililotangulia halikuacha kitu nyuma yake.

La shabaha limepimwa maabara. Mwaka 2001 Anthony Keefe na Jack Szostak, kule Marekani, walitengeneza protini trilioni 6 hivi, kila moja ikiwa na asidi amino 80 zilizopangwa ovyo, wakazichuja kutafuta zinazoweza kushika ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Walipata familia nne zisizofanana. Walikadiria kwamba katika protini za ovyo kama hizo, 1 kwa kila bilioni 100 inaiweza kazi hiyo. Ni adimu, ndiyo. Lakini katika gramu moja ya protini za urefu huo ungetarajia kuzikuta kwa mamia ya mamilioni. Maumbile hayakutaka protini moja aliyoichagua mwenzako ubaoni; yalitaka chochote kinachofanya kazi, hata kwa shida.

La kuanza upya ndilo kubwa zaidi. Pakishatokea kitu kinachojinakili, na nakala zake zikawa na tofauti ndogondogo, kila hatua inasimama juu ya ile iliyotangulia. Swali si tena bahati ya kuunda kitu kutoka patupu. Ni hili: kitu kilichokwisha patikana kinahifadhiwaje kisipotee? Hapo ndipo modeli za kompyuta zilipofanya kazi yake ya maana, na hapo ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu.

Kwanza nikujibu la kuthibitisha: hapana, haiwezi. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.54. Dalili za uhai zinazokubalika na wengi, miamba yenye matabaka yaliyoachwa na vijidudu kule Pilbara, Australia Magharibi, zina miaka bilioni 3.48 hivi, na vijidudu hivyo walikuwa wameshapiga hatua ndefu. Kilichotokea kabla yao hakikuacha mwili wala alama tunayoweza kuisoma moja kwa moja, na kompyuta si shahidi wa mambo ambayo hakuna aliyeyaona. Inachoweza ni kushika simulizi ya mwanasayansi na kumwambia: kama ulivyosema ni kweli, basi haya ndiyo yatakayofuata. Mara nyingi yanayofuata ni maangamizi, na simulizi inabidi ibadilishwe. Kwa maoni yangu, faida kubwa ya miaka hamsini na zaidi ya modeli hizi imetoka pale zilipokataa.

Nyumbani Lamu huulizwa mara kwa mara kama kazi hii ni kumkana Muumba. Modeli inashughulika na njia, yaani nini kilifuata nini na kwa kasi gani. Nani aliyeweka kanuni zinazoifanya RNA, ile molekuli ndugu ya DNA inayobeba ujumbe wa uhai kwa herufi nne, ijikunje namna inavyojikunja si jambo la kuandikiwa programu, na anayedai programu yake imelijibu, kwa kukubali au kwa kukanusha, amevuka mpaka wa kazi yake.

Sasa twende kwenye kuhifadhi. Mwaka 1971 Manfred Eigen, mkemia wa Ujerumani ambaye tayari alikuwa na Tuzo ya Nobel ya 1967 kwa kazi nyingine, alijiuliza: molekuli inayojinakili kwa makosa inaweza kuwa ndefu kiasi gani kabla ujumbe wake haujaharibika? Fikiria utenzi unaonakiliwa kwa mkono, kama zilivyokuwa zikinakiliwa zamani Pate na Siyu. Mwandishi mmoja anakosea neno, anayenakili kutoka kwake anaongeza kosa lake. Wakiwepo wajuzi wanaozitenga nakala mbovu, utenzi unadumu. Lakini makosa ya kila nakala mpya yakizidi uwezo wa kuchuja, baada ya vizazi kadhaa haitabaki nakala moja nzima ya kusahihishia nyingine.

Hesabu yake unaweza kuifanya kwa kalamu. Tuseme molekuli bora inajinakili kwa kasi mara 2 ya nyingine zote, na kila herufi, yaani kila kipande cha mnyororo wake, ina uwezekano wa 1 kwa 100 wa kunakiliwa vibaya. Ikiwa ina herufi 50, uwezekano wa nakala kutoka safi ni 0.99 kipeo cha 50, yaani 0.605. Zidisha kwa 2 upate 1.21. Imepita 1, kwa hiyo nakala safi zinazaliwa kwa wingi kuliko zinavyoharibika, na mfumo ukitulia zitakuwa kama asilimia 21 ya molekuli zote. Rudia kwa herufi 100. 0.99 kipeo cha 100 ni 0.366, mara 2 ni 0.73. Iko chini ya 1, na molekuli bora inatoweka. Kasi yake haijapungua hata kidogo. Bado inawashinda wenzake mara 2. Inachokosa ni watoto wanaofanana nayo.

Mpaka wenyewe uko karibu na herufi 69, na ndio unaoitwa kizingiti cha makosa. Chezea namba uone kinachousogeza. Ongeza kasi kutoka mara 2 hadi mara 10: mpaka unafika 230 hivi. Rudisha kasi iwe mara 2, lakini punguza makosa yawe 1 kwa 1,000: mpaka unaruka hadi 690 hivi. Kasi ya kujinakili inasaidia kidogo kidogo, usahihi unasaidia moja kwa moja. Nimewaona wanafunzi wengi wakishangaa hapa, kwa sababu sote tunakuja na dhana kwamba mashindano ya maumbile ni mbio tu.

Na hapa ndipo simulizi rahisi ya mwanzo wa uhai ilipokwama. Ili unakili kwa usahihi unahitaji kifaa kizuri cha kunakili. Kifaa kizuri ni molekuli ndefu. Molekuli ndefu haihifadhiki bila kunakili kwa usahihi. Kipi kilitangulia? Kitendawili hiki hubeba jina la Eigen mpaka leo, na ni kigumu kuliko hesabu ya mwenzako, kwa sababu hakiondoki kwa kuongeza muda wala kwa kuongeza maji.

Mpaka huo hauko kwenye karatasi tu. Virusi vya RNA vinaishi karibu nao. Kirusi cha bakteria kiitwacho Qβ kina herufi 4,200 hivi. Virusi vya korona vina kama 30,000, na ndivyo vyenye kimeng'enya (molekuli inayochochea kazi za kikemia) cha ziada cha kurudi nyuma na kufuta herufi iliyokosewa. Sisi wenye herufi bilioni 3 kwa kila seti tunatumia DNA na kundi zima la vimeng'enya vya kukagua na kukarabati.

Wanaodhani RNA ilitangulia protini na DNA wana sababu nzuri. Thomas Cech na Sidney Altman walipewa Nobel ya 1989 kwa kuonyesha kwamba RNA inaweza kufanya kazi kama kimeng'enya, wakati ileile inabeba ujumbe. RNA za namna hiyo huitwa ribozaimu. Mwaka 2024 Nikolaos Papastavrou, David Horning na Gerald Joyce wa Salk Institute, California, walitumia RNA inayonakili RNA nyingine, kizazi baada ya kizazi. Walipotumia mnakilishi wa zamani mwenye makosa mengi, ribozaimu ndogo iliyokuwa ikinakiliwa iliharibika ikapoteza kazi yake. Walipotumia mwenye usahihi zaidi, iliendelea kufanya kazi, ikabadilika hatua kwa hatua, na aina mpya zikatokea. Kile alichokiandika Eigen kwa mlinganyo mwaka 1971 kilikuwa kinatendeka ndani ya neli.

Kompyuta nayo imekilegeza kitendawili kidogo. Mwaka 2005 Ádám Kun, Mauro Santos na Eörs Szathmáry walichukua ribozaimu za kweli ambazo makosa yake yameshapimwa maabara, wakauliza ni makosa mangapi kwa hakika yanaua kazi. Mengi hayaui. RNA ikibadilika herufi lakini ikajikunja kwa umbo lilelile, mara nyingi bado inafanya kazi. Ukihesabu umbo badala ya kila herufi, mpaka unasogea mbali sana. Kwa usahihi wa kama kosa 1 kwa herufi 1,000, walikadiria kwamba jenomu, yaani ujumbe wote wa kiumbe, ya herufi zaidi ya 7,000 ingeweza kuhifadhika. Hiyo inatosha kwa kiumbe cha RNA chenye kazi nyingi ndogondogo. Inabaki safari ya kufikia usahihi huo, na safari hiyo bado haijafungwa.

Tatizo la pili ndilo ninalolipenda kuliko yote: vimelea.

Mwaka 1967 Sol Spiegelman na wenzake, chuo kikuu cha Illinois, walichukua RNA ya Qβ, wakaitia kwenye neli yenye kimeng'enya cha kuinakili na herufi za kutosha. Baada ya muda mfupi walihamisha tone kwenda neli mpya, kisha nyingine, mara 74, wakichagua daima zile zilizonakilika haraka. Mwishoni RNA ilikuwa imetupa asilimia 83 ya urefu wake. Ilikuwa imetupa kila kinachohitajika kuambukiza bakteria na kutengeneza kirusi, ikabaki na kile tu kinachoifanya ishikwe na kimeng'enya na kunakiliwa upesi. Kama malipo ni kwa anayenakiliwa haraka, mfupi humshinda mrefu, na mvivu humshinda mchapakazi.

Kompyuta ilionyesha jambo hilohilo bila kuambiwa. Karibu na mwaka 1990 Tom Ray, mwanaikolojia aliyezoea misitu ya Costa Rica, aliandika programu aliyoiita Tierra. Ndani yake aliweka kiumbe kimoja cha maagizo 80 chenye kazi moja: kujinakili kwenye kumbukumbu ya mashine, huku makosa madogo yakiruhusiwa. Muda si mrefu vikatokea viumbe vya maagizo 45. Vilikuwa vimepoteza sehemu ya kunakili, vikawa vinaazima ile ya majirani. Ray hakuandika kimelea hata kimoja. Vilijileta vyenyewe, kwa sababu nafasi ya kula bila kufanya kazi ilikuwa wazi.

Ukirudi kwenye RNA za mwanzo, hali ni mbaya. Tuseme ipo RNA inayoweza kuwanakili wenzake. Ni msaada unaokwenda kwa yeyote aliye karibu, pamoja na RNA fupi isiyosaidia mtu. Hiyo fupi inanakiliwa haraka, inajaa, wafanyakazi wanapungua, na mwisho hakuna anayenakili. Wote wanakufa, kimelea akiwemo. Eigen na Peter Schuster walijaribu kutoka kwa kupanga molekuli katika duara, hii ikimsaidia ile, ile ikimsaidia nyingine, hadi kurudi kwa ya kwanza. Ni wazo zuri, lakini mlinganyo ulionyesha kwamba kimelea akiingia kwenye duara anaweza kulikausha.

Mwaka 1991 Maarten Boerlijst na Paulien Hogeweg wa Utrecht, Uholanzi, wakafanya badiliko linaloonekana dogo. Milinganyo ya zamani ilichukulia kwamba kila molekuli inakutana na kila molekuli, kana kwamba zote zinakorogwa ndani ya sufuria moja. Wao waliziweka kwenye gridi, kila molekuli ikigusana na majirani zake tu. Zikajipanga zenyewe kuwa mawimbi ya mzunguko yanayofukuzana. Kimelea aliyeingia alisukumwa nje na wimbi mpaka akaishia pembeni. Kanuni za kunakili hazikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa palikuwa na mahali.

Ndiyo maana vidimbwi vyenu vina maana. Umuhimu wake hauko kwenye kuchanganya vitu tu. Uko pia kwenye kuvitenganisha. Kidimbwi chenye wafanyakazi watupu kinastawi, chenye vimelea kinajiangamiza, kisha maji yanapojaa tena vinachanganyika, na waliostawi ndio wengi. Mwaka 2016 Matsumura na wenzake, Szathmáry akiwa mmoja wao, walilifanya hilo kwa matone madogo sana ndani ya mafuta: RNA ziligawanywa, zikanakiliwa, matone yenye RNA inayofanya kazi yakateuliwa, yote yakachanganywa na kugawanywa tena. Vimelea havikushinda. Walipokosa kugawanya au kuteua, vilishinda. Seli kamili yenye ngozi yake haikuhitajika. Kutengana kwa muda kulitosha.

Kuna kazi nyingine unayofaa kuijua. Huko Japani, Ryo Mizuuchi, Norikazu Ichihashi na wenzao walionyesha mwaka 2022 kwamba RNA moja inayojinakili, ikiachwa kwenye matone kwa mizunguko mingi, huzaa nasaba kadhaa zikiwemo za vimelea, na mwishowe zikawa mtandao unaotegemeana badala ya kuangamizana. Lakini walitumia mashine ya kisasa ya kutengeneza protini iliyokwisha kuwa tayari, kwa hiyo inatufundisha kuhusu mageuko, si kuhusu namna ya kuanza bila mashine hiyo.

Kuhusu kukauka kwenyewe. Kuunga herufi mbili za RNA, au asidi amino mbili, kunatoa molekuli moja ya maji. Kwenye maji mengi mwelekeo ni kukatika. Maji yakiondoka mwelekeo unageuka kuwa wa kuunga. Modeli yake ni nyepesi: kasi ya kuunga kukiwa kukavu, kasi ya kukatika kukiwa na maji, na muda wa kila hali. Ikiwa kiasi kinachoungwa wakati wa ukavu kinazidi kinachokatika wakati wa maji, minyororo inarefuka mzunguko baada ya mzunguko mpaka ifike mahali pa kusawazika. David Deamer na Bruce Damer wa California wamejenga hoja yao ya chemchemi za moto za nchi kavu juu ya msingi huo.

Mtu wa pwani anaweza kuongeza jambo ambalo mtu wa bara huenda asilifikirie. Sisi tuna mizunguko miwili mmoja juu ya mwingine: kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na bamvua na maji mafu ndani ya mwezi. Kidimbwi cha chini kinapata saa chache za ukavu. Kile cha juu, kinachofikiwa na bamvua tu, kinaweza kukaa siku nzima nzima bila bahari kukigusa, tena kwa jua kali. Ukivitia vyote viwili kwenye modeli moja utaona havitoi minyororo ya urefu mmoja. Kumbuka pia kwamba mwezi unasogea mbali na dunia sentimita 3.8 kila mwaka. Kasi hiyo haikuwa ileile siku zote, kwa hiyo huwezi kuirudisha nyuma kwa kuzidisha tu, lakini hakuna shaka kwamba bilioni 4 za miaka nyuma mwezi ulikuwa karibu zaidi, na bahari ilivutwa kwa nguvu zaidi.

Ila maji ya chumvi yenyewe yananipa shaka, na nakuambia wazi kwa sababu wewe unayashika kwa mikono. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa lita. Kabla chumvi ya kula haijaanza kuganda chini, maji yanakuwa yamepungua hadi karibu sehemu moja ya kumi, na magnesiamu iliyomo imekolea kwa kiasi hichohicho. Magnesiamu kidogo inaisaidia RNA ijikunje; ikizidi, tena kwenye joto, inasaidia kuikata. Na viputo vya asidi za mafuta, ambavyo wengi wanavidhania kuwa ngozi ya kwanza ya seli, huvurugika kwa magnesiamu na kalsiamu za kiwango cha chini kuliko hata bahari ya kawaida. Ndiyo sababu Deamer na wenzake wanapendelea maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya mvua na chemchemi. Upande wa pili haukunyamaza: mwaka 2019 kundi la Nick Lane wa London lilionyesha kwamba asidi za mafuta zikichanganywa na alkoholi za minyororo mirefu, kwenye joto na maji yenye ualkali, viputo vinasimama hata penye chumvi ya bahari. Mimi naegemea maji baridi, lakini siwezi kumwambia mtu kwamba limekwisha.

Zipo modeli za ngazi nyingine nitakazozipitia haraka. Mwaka 2014 Marco Saitta na Franz Saija waliiga jaribio maarufu la Stanley Miller la 1953, la kupitisha cheche za umeme kwenye gesi, atomi kwa atomi kwa kanuni za kwanta (fizikia ya chembe ndogo kabisa), wakaweka uga mkali wa umeme mahali pa radi, na asidi amino glisini ikatokea. Hesabu za namna hiyo hula mashine kubwa kwa ajili ya vipande vya muda vifupi mno kulingana na sekunde. Mwaka 2020 kundi la Bartosz Grzybowski la Poland lilianza na molekuli chache sahili, maji na amonia zikiwemo, likaiachia kompyuta kanuni za kikemia izizidishe, ikachora mtandao wa makumi ya maelfu ya molekuli. Baadhi ya njia mpya zilizojitokeza zikaenda kujaribiwa maabara zikafanya kazi. Na kuna wafuasi wa Stuart Kauffman, mwanabiolojia wa Marekani, wanaosema uhai ulianza na kundi la molekuli zinazochocheana bila herufi za kunakiliwa. Makundi hayo yanawezekana, lakini mwaka 2010 Vera Vasas, Szathmáry na Santos walionyesha kwa hesabu kwamba kama hayana njia ya kurithisha tofauti, yanakaa palepale bila kuboreka. Pingamizi hilo bado lina uzito.

Laptopu yako inatosha, ya kawaida kabisa. Anza na kizingiti cha makosa, kwa lugha ya programu ya Python. Tengeneza orodha ya mistari 1,000 ya herufi nne, ya urefu wa 50. Mpangilio mmoja wa herufi uufanye bora: mstari wenye mpangilio huo una nafasi mara 2 ya kuchaguliwa kunakiliwa. Kila hatua chagua mmoja, mnakili kwa kosa la 1 kwa 100 kwa kila herufi, na nakala ichukue nafasi ya mstari uliochaguliwa ovyo. Anza na wote wakiwa bora, hesabu waliobaki safi, kisha rudia kwa urefu wa 60, 70, 80. Utaona wakielekea karibu na asilimia 21 kwenye 50, na kuporomoka ukikaribia 69. Hawataporomoka palepale kwenye 69, kwa sababu jamii yako ni ndogo na bahati inacheza; jaribu 10,000 uone tofauti. Hifadhi mbegu ya namba nasibu (namba inayoanzishia bahati ya programu) ya kila mkimbio, vinginevyo hutaweza kurudia kilichokushangaza, na badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Kisha nenda kwenye gridi ya 100 kwa 100. Kila kisanduku ama kitupu, ama kina mfanyakazi, ama kina kimelea. Kila mmoja ana uwezekano mdogo wa kufa kila hatua. Kisanduku kitupu kinajazwa tu kama jirani mmoja ni wa kunakiliwa na jirani mwingine ni mfanyakazi wa kumnakili. Kimelea mpe nafasi zaidi ya kunakiliwa, kwa kuwa ni mfupi. Endesha mara moja ukikoroga gridi yote kila hatua, halafu bila kukoroga kabisa, halafu kwa kukoroga kidogo. Haya matatu yatakufundisha zaidi ya niliyoandika hapa.

Ukifika kwenye vidimbwi, yaani kugawa, kukuza, kuchanganya na kugawa tena, huenda ukaona vimelea vinashinda hata huko, ukadhani umekosea programu. Kabla ya kuivunja, angalia unaweka molekuli ngapi kwa kila kidimbwi. Kama vimelea ni asilimia 5 ya wote na unaweka molekuli 100, uwezekano wa kidimbwi kukosa kimelea ni 0.95 kipeo cha 100, kama 0.006 tu, karibu kila kidimbwi kimeshaambukizwa kabla ya kuanza, na kugawa hakukusaidii kitu. Weka 5 badala ya 100, uwezekano unapanda hadi 0.77. Chora mstari wa namba hiyo kutoka 1 hadi 100, uweke pembeni yake mstari wa vimelea vilivyobaki baada ya mizunguko 50, uniletee nivione.